Saa Ilisema Mzee Amelala

Kabla ya kusoma neno la siku, kabla ya kupiga mswaki, hata kabla ya kujua kama bwanake ameamka, Joy alikuwa anasoma usingizi wa babake. Aliufungua kwa simu akiwa bado chini ya blanketi, nyumbani kwake Kibomet, Kitale, na kuutazama kama mzazi anayetazama ripoti ya shule. Mzee Mukhwana mwenyewe alikuwa mbali, karibu na Kibabii, upande ule wa Bungoma, anakamua ng'ombe wake bila habari kwamba ameshasahihishwa na ameanguka.

Na kuanguka alikuwa anaanguka kila siku. Ile saa nyeusi ambayo Joy alimfunga mkononi Krismasi ilikuwa na maoni makali juu ya usingizi wake. Leo ingesema amelala kidogo. Kesho ingesema amelala kidogo zaidi. Kuna asubuhi moja ilisema hakulala hata lepe, alikuwa anatembea usiku kucha, na chini yake ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba mwenye saa hii afikirie kumwona daktari.

Joy angempigia hapo hapo.

"Baba, jana ulilala vibaya."

"Nani amekwambia?"

"Saa."

"Basi iulize iliota nini, maana mimi ndoto yangu nimeisahau."

Ndivyo alivyokuwa Mukhwana. Alikuwa dereva maisha yake yote, kwanza trekta za miwa, halafu malori ya mahindi yanayoshuka hadi Mombasa, na mtu aliyekaa sana barabarani hajibu swali likija wima. Analipisha kando kwanza. Joy hakucheka. Mamake, Dinah, alilala usiku mmoja mwaka juzi akiwa mzima kabisa, ametoka kugombana na mtu wa kuuza samaki, na asubuhi hakuamka. Mzee alikuwa ametoka mapema kwenda kukamua. Alirudi na maziwa, akaita, akaita tena. Tangu siku hiyo Joy aliuogopa usiku wa babake kama mtu anayemuogopa mbwa aliyewahi kumuuma. Duka lake la mbegu na dawa za mifugo lilikuwa pale karibu na soko, na wateja walishazoea kumwona akipima dawa ya kupe kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika simu ya kumpigia baba.

Mwishowe alikata shauri. Mzee ahame Bungoma, aje akae Kitale.

Alimweleza Muigai, bwanake. Muigai alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa mambo ya wazazi alikuwa na neno moja tu, nalo ni sawa. Mamake mwenyewe, Nyaguthii, tayari alikuwa anaishi nao tangu aanguke na kuvunjika nyonga, na chumba kingine kilikuwa wazi kwa sababu mtoto wao Ian alikuwa bweni. Derrick, kakake Joy, aliulizwa kwenye grupu la familia akajibu kwa kidole gumba. Kila mtu alikubali isipokuwa yule mwenye kuhama.

"Na ng'ombe?" aliuliza Mukhwana.

"Tutauza."

"Na nikiwa huko nitafanya nini?"

"Utapumzika."

Mzee alikaa kimya kwa simu kwa muda. Hakutaja kaburi la Dinah lililokuwa pale nyuma ya migomba, hatua chache tu kutoka dirishani, lakini Joy alijua ndilo lililonyamaza pamoja naye. Halafu mzee akasema neno ambalo alikuja kulijutia. Alisema yeye analala vizuri sana kwake, na hiyo saa ikikubali hivyo, je, Joy atamwacha? Joy akasema saa ikikubali atamwacha, na hatalizungumzia jambo hilo tena.

Basi mzee akaanza kusomea usingizi kama mtoto wa darasa la nane. Aliacha chai ya jioni. Alikunywa maziwa moto. Alilala mapema pamoja na kuku, akazima redio ambayo haikuwahi kuzimwa tangu enzi za betri za mawe. Asubuhi aliamka akiwa mwepesi, amejinyoosha, akaona hata ng'ombe wanamheshimu. Kule Kitale Joy akafungua simu akakuta amefeli vibaya kuliko kawaida.

"Mimi nilikuwa nimelala," alisema mzee. "Si ni mimi nilikuwa hapo?"

"Baba, mtu hawezi kujua kama amelala. Amelala."

Mzee alikata simu, akaenda kukamua. Joy naye aliona hana haja ya kungoja zaidi, akala njama. Muigai alikuwa amenunua trekta kuukuu la kulimia, na giaboksi yake ilikuwa inalia kama mbuzi aliyefungwa vibaya. Joy akamwambia babake wamejaribu fundi huyu na yule wameshindwa, na kama angekuja tu siku moja aisikilize. Alijua anachofanya. Ungemwambia Mukhwana kuna karamu angesema ana kazi. Ukimwambia kuna gia inayolia mahali, atatafuta kofia.

Alikuja. Alifika asubuhi na kuku mmoja kwenye mfuko wa sukari, akasalimia watu wote mara mbili mbili, akampa Nyaguthii pole ya nyonga, halafu akaenda nyuma ya nyumba ambako trekta lilikuwa limesimama. Alilisikiliza huku amefumba macho. Akasema ugonjwa ni beringi, na fundi wa kwanza ndiye aliyeuleta. Kufikia mchana yeye na Muigai walikuwa wameifungua giaboksi yote na kutandaza nati zake juu ya gunia, na hapo ndipo Joy alipoanza kusikia raha, maana trekta lilikuwa limeziba njia ya pikapu ya Muigai, na juu ya mlima Elgon wingu lilikuwa limekaa jeusi kama sufuria ya shule.

Mvua ilipiga hadi giza likaingia. Nati zililala chini ya turubai. Joy alitoka chumba cha Ian akiwa ametandika shuka mpya, akamwambia babake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba leo atalala hapa.

Mukhwana alifunga vifungo vya koti lake.

"Joy," alisema, "hii nyumba nilikuoza ndani yake. Siwezi kulala ndani yake."

Kwao kina Mukhwana jambo hilo halina mjadala. Mzazi anaweza kuja kwa binti yake aliyeolewa, akala, akashiba, akafungiwa na ya kubeba. Jua likizama anaondoka. Akikutwa na usiku chini ya paa la mkwewe, amevua viatu, amejifunika blanketi ya mkwewe, ni kama mtu aliyesindikiza bibi harusi kisha akakataa kurudi nyumbani. Joy alisema hayo ni mambo ya zamani, siku hizi watu wanalala kwa wakwe zao hata wiki. Muigai alisema kwake hakuna shida, mzee ajisikie nyumbani. Mzee alisema shida ndiyo hiyo hiyo, kujisikia nyumbani.

Akachagua kiti cha mbao pale sebuleni, kile kisicho na mto, akakaa. Kofia kichwani, koti mwilini, viatu miguuni vimefungwa kamba.

"Mtu aliyevaa viatu hajalala," alisema. "Ni mgeni aliyechelewa kuondoka."

Joy alimwekea blanketi kando ya kiti, akaenda chumbani amenuna. Alilala akifikiria kwamba kesho mzee ataamka mgonjwa na lawama itakuwa yake.

Asubuhi alifungua simu kabla ya kufungua macho sawasawa. Akakaa kitandani. Akasoma tena. Tisini na moja. Tangu Krismasi mzee hakuwahi kupita hamsini. Kulikuwa na mchoro wa rangi ya samawati iliyokolea, mrefu kama mtaro wa lami, na maneno yaliyosema usingizi mzito, bora kabisa, endelea hivyo hivyo.

Mdomo wa mzee ulikataa lakini mwili ulikubali, aliwaza Joy. Alimtikisa Muigai akamwonyesha. Muigai akasema sawa. Joy akapiga picha ile skrini, akaituma kwenye grupu la familia, na chini yake akaandika kwa furaha: Baba amelala kwetu Kitale kama mtoto. Kumbe ni Bungoma ndiyo inamnyima usingizi. Sasa mjue anahama.

Derrick akaweka kidole gumba.

Sebuleni mzee alikuwa pale pale kwa kiti, kofia kichwani, amenyooka, mikono juu ya magoti. Blanketi ilikuwa imekunjwa vile ilivyoachwa. Joy alimimina chai, akaweka mandazi, akangoja Muigai aketi, halafu akamwambia babake habari njema. Alieleza yote, ile rangi ya samawati, zile alama, yale maneno ya kumpongeza. Akamkumbusha makubaliano yao, kwamba saa ndiyo mwamuzi. Kwa hivyo mwamuzi ameamua. Kule Kibabii mzee halali, hapa Kitale amelala kama mawe.

Mukhwana aliomba aione simu. Aliishika mbali na uso, kama watu wa umri wake wanavyoshika simu, akasoma polepole. Hakusoma mchoro. Alikuwa anasoma grupu.

Kwa maana hapo chini ya kidole gumba cha Derrick, Kizito alikuwa ameamka. Kizito ni ndugu mdogo wa Mukhwana, anauza mahindi soko la Kimilili, na huwa hana haraka ya kuandika isipokuwa kumetokea jambo. Alikuwa ameandika: Mukhwana amelala kwa mkwe? Baada yake shangazi mmoja akatuma uso unaoziba mdomo. Baada yake mtu mwingine akauliza kama ni kweli, na kama ni kweli, ni kitanda au ni kiti. Kisha simu ya mzee yenyewe ikaanza kulia mfukoni mwa koti. Akaitoa, akaona ni Kizito, akairudisha ikilia.

Joy alihisi chai ikipoa mdomoni. Alikumbuka, akiwa amechelewa, kwamba miaka michache iliyopita jirani yao mmoja alilala kwa binti yake Eldoret, na kwenye kikao cha ukoo aliyesimama kumsema mpaka yule mtu akaomba msamaha alikuwa babake huyu huyu.

"Umewaambia watu nimelala hapa," alisema Mukhwana. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Si mimi, baba. Ni saa imesema."

"Najua. Wewe umeibebea tu."

Hapo ndipo Nyaguthii alipotokea na fimbo yake, amejifunga leso, anatembea ule mwendo wake wa kuuliza sakafu ruhusa. Akauliza kuna nini, mbona watu wamekaa kama wako kwa daktari wa meno. Joy akamwambia ni furaha tu, baba amelala vizuri, ila watu wa nyumbani wanaleta mila.

"Nani amelala?" aliuliza Nyaguthii.

"Baba, mama. Hata saa imeandika."

"Hiyo saa ilikuwa imekaa wapi? Maana mimi nilikuwa kwa hilo kochi, na sikuona mtu akilala."

Nyaguthii akashuka polepole kwenye kochi lile lile kama shahidi anayerudi mahali pa tukio, akaeleza. Alisema alitoka usiku kutafuta maji ya kumezea dawa akamkuta Baba Joy amekaa kama sanamu ya kanisani. Aliogopa kidogo. Mzee akamwamkia. Yeye akapasha chai iliyobaki, wakaanza kuongea. Mzee akamchukua kwa lori la mahindi kutoka Bungoma kwenda Mombasa, lile lililokuwa na taa moja, na kila mahali liliposimama yeye naye alisimama. Wakaharibikiwa Salgaa. Wakashikwa kwa mizani Mlolongo. Wakala nyama mahali ambapo baadaye walisikia haikuwa mbuzi.

"Jogoo akiwika tulikuwa bado Mtito Andei," alisema. "Hata Mombasa sijafika. Ninadai."

Joy alirudi kwa simu. Akatafuta mahali mchoro ulipozama chini kabisa, palipoandikwa usingizi mzito. Akauliza kuhusu wakati huo, saa nane hivi za usiku.

"Hapo tulikuwa Salgaa. Alikuwa ananieleza vile breki zilikataa."

"Akiwa amekaa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Breki zinakataa, lori linaenda, watu wanaruka, na yeye hatingishi hata kidole. Nilimwambia, Baba Joy, wewe unasimulia kama redio."

Mukhwana aliona ni lazima ajitetee. Alisema kukaa hivyo alifundishwa na foleni za miwa. Zamani trekta zilikuwa zinangoja kupima miwa kiwandani mchana na usiku. Ukijitingisha unachoka, na ukilala wenzako wanakupita. Kwa hivyo dereva anajifunza kukaa kama gunia, kila kitu kimelala isipokuwa macho. Alisema hakujua kama kuna saa itakuja kumshtaki kwa ajili ya hilo.

Muigai alicheka ndani ya kikombe. Joy hakucheka, kwa sababu swali jingine lilikuwa limemjia, na lilikuwa limekuja polepole kwa aibu yake.

"Lakini mama, wewe ulikuwa macho kwa nini?"

"Mimi?" Nyaguthii alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Mama Ian, mimi sijalala usiku mzima tangu hii nyonga. Inaniamsha. Nazunguka zunguka hapa sebuleni mpaka inyamaze. Mlikuwa hamjui?"

Muigai aliweka kikombe chini.

"Ni sawa," alisema Nyaguthii, na alichukua andazi kuonyesha kweli ni sawa. "Asubuhi ukiamka unasoma simu. Sikutaka kukukatiza."

Joy alitazama ukuta. Ni ukuta mmoja tu uliotenganisha kitanda chake na kitanda cha mama huyu. Usingizi wa Kibabii aliujua kwa rangi na kwa alama, na huu wa nyuma ya ukuta hakuwahi kuusikia hata ukitembea na fimbo.

Mzee alisimama. Magoti yalilia, hilo hata saa ingesikia. Akamwambia Muigai wairudishe ile giaboksi, waondoe trekta njiani, ampeleke nyumbani kabla Kizito hajaitisha kikao. Muigai akasema sawa. Lakini Joy alikuwa binti wa babake, na alikuwa na neno la mwisho ambalo halikutaka kubaki tumboni.

"Baba, nimekubali. Hapa hukulala, saa imekosea, na nitawaandikia. Lakini kule nyumbani inasema hulali kila siku. Uko peke yako, na hulali. Hiyo sijaikubali bado."

Mzee alifuta uso kwa kiganja. Alikuwa amechoka. Usoni mwake usiku mzima ulikuwa unaanza kudai haki yake.

"Mtaniita gari ikiwa tayari," alisema, akatoka.

Muigai alichukua muda na zile nati. Trekta lilipoondoka njiani Muigai aliitoa pikapu, akaiegesha nje ya geti, akarudi kufunika trekta na kunawa. Joy alikuwa jikoni anafunga mzigo wa babake, parachichi, mkate, unga wa mahindi ya njano aliyoyapenda. Alikuwa na hasira, na hakujua hasira ni ya nani. Simu ikatetemeka juu ya meza. Akaichungulia.

Mzee alikuwa anatembea. Saa ilikuwa inahesabu hatua zake, na zilikuwa zinapanda mbele ya macho ya Joy, zinakoma kidogo, zinapanda tena. Ikaandika hongera, umeanza siku yako kwa mazoezi.

Alimwona babake kwa akili, kofia na koti, amekasirika, anakata barabara ya Kiminini kwa miguu kwenda Bungoma na mwili ambao haujalala. Aliacha unga wazi akakimbia, akapita uani, akamwaga maji ya kunawa ya Muigai, akafika getini na kandambili moja.

Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili.

Kisha akasikia mkoromo.

Mukhwana alikuwa ndani ya pikapu, kwenye kiti cha dereva, kwa sababu hakujua kukaa kingine. Kofia ilikuwa imeanguka. Kichwa kimeegemea nyuma, mdomo wazi, na mkoromo wake ulikuwa wa mtu aliyelipia. Na mkono wake wa kushoto, ule wenye saa, ulikuwa kazini. Ulishika gia ambayo haikuwa ikienda popote. Ukasukuma mbele, ukangoja, ukavuta nyuma. Ukapumzika juu ya paja, vidole vikipigapiga. Halafu ukarudi tena, ukateremsha gia, taratibu, kama mtu aliyeona lori lingine mbele kwenye mteremko. Kila mkono ulipokwenda, simu ya Joy iliongeza hatua.

Joy alisimama pale dirishani akiwa na kandambili moja.

Alimkumbuka mamake. Alikumbuka akiwa mtoto, upande huu wa ukuta wa udongo, akisikia upande ule mama akisema kwa usingizi, Mukhwana, toa mkono, hapa si Kericho. Dinah alikuwa akiwaambia wanawake wenzake kwamba ameolewa na giaboksi. Alikuwa analala na mto katikati yao ili asipigwe gia ya tatu kwenye mbavu. Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Jambo hilo lilijulikana na nyumba nzima, na Joy mwenyewe alilijua kabla ya kujua kusoma, na bado alikwenda dukani akanunua saa ili imweleze vile babake analala.

Ilikuwa inamsoma kinyume. Akilala inaona mkono unaendesha, inasema yuko macho. Akiwa macho anakaa kama gunia, inasema amelala. Kule Kibabii, usiku baada ya usiku, mzee alikuwa amelala fofofo akipanda na kushuka milima yote ya nchi hii, na saa ikimpa sifuri.

Aliweka kichwa karibu na dirisha. Aliisikia pumzi ikiingia, ikikwama kidogo, ikitoka. Aliisikiliza kwa muda mrefu. Ndiyo aliyokuwa anaitafuta kwa ile simu kila asubuhi, na simu haikuwa nayo.

Nyaguthii alifika nyuma yake na fimbo, amechungulia upande wa pili.

"Huyu sasa ndiye mtu aliyelala," alisema kwa sauti ya chini.

"Simu inasema anatembea, mama."

"Basi anaenda mbali." Nyaguthii akafikiri. "Lakini hii gari si ni ya mkwe pia?"

"Iko nje ya geti."

"Ni kweli. Nje ya geti ni barabara ya serikali."

Wakaziba midomo kwa mikono, wakatikisika kwa kicheko pale barabarani, mmoja kwa fimbo na mwingine kwa kandambili moja. Ni hicho kicheko kilichomwamsha. Mukhwana alifungua macho, akatazama usukani, akatazama geti, akaona ni Kitale bado.

"Umelalaje, baba?" aliuliza Joy.

Mzee alimgeukia. Tangu Krismasi hakuwa ameulizwa. Alikuwa anaambiwa.

"Vizuri sana," alisema. "Nilikuwa nimeshafika Lugulu. Mngeniacha kidogo tu ningekuwa nyumbani."

Joy alipitisha mkono dirishani, akaushika ule wa babake, akaifungua ile saa. Chini yake ngozi ilikuwa imebaki na mstari uliopauka. Mzee akajisugua hapo, akauliza sasa Joy atajuaje kama amelala. Joy akasema atapiga simu asubuhi amuulize.

"Na nikidanganya?"

"Nitasikia."

"Na ng'ombe?"

"Si walikuwa wako Kibabii? Wakae huko huko."

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia aliyokuwa anaijua. Lakini hakukubali pikapu iwashwe kabla Joy hajaandika kwenye grupu mbele ya macho yake. Joy akaandika: Baba hakulala kwetu. Alikaa kwa kiti na viatu mpaka asubuhi. Saa ilikosea. Shahidi ni Mama Muigai. Kisha Kizito akajibu kwamba ameelewa, na akauliza hiyo saa inauzwa wapi, maana kuna usiku fulani angependa mke wake aamini alikuwa amelala.

Mukhwana alicheka mpaka akakohoa. Akahamia kiti cha abiria bila kupenda, Muigai akashika usukani, na pikapu ikateremka kuelekea Kiminini. Hata kabla ya kona Joy aliona, kupitia kioo cha nyuma, mkono wa babake ukimwonyesha Muigai vile gia inavyoingizwa.

Walirudi ndani wawili. Nyaguthii akanyoosha mkono, akasema apewe yeye hiyo saa. Hata kama ni ya uongo, alisema, angalau kutakuwa na mtu wa kusema amelala.

Joy hakumpa. Aliitia kwenye kabati la vikombe, akavuta kiti kile cha mbao kisicho na mto, akakaa mbele yake.

"Mama, umelalaje?"

Nyaguthii alimtazama, akaiweka fimbo chini.

"Sasa hiyo ni safari ndefu," alisema. "Weka chai kwanza."